Khabari za Adrian Atiman, Tabibu wa Karema

Watu wengi hudhani kuwa kazi ya tabibu ni moja tu, nayo ni kuujua ugonjwa na dawa yake. Lakini mwenye kutazama vizuri ataona kuwa tabibu ana kazi mbili. Ya kwanza ni hiyo ya kutibu. Ya pili ni kusimamia: kuwasimamia watu walio chini yake, na dawa alizowekewa amana, na wakati wake, na imani ya wale wanaomjia. Tabibu aijuaye ya kwanza asiijue ya pili ni kama nahodha ajuaye kushika usukani, lakini hajui kuwatawala baharia wake wala kukadiria maji ya kunywa. Chombo chake ni kizima na bahari ni shwari, na bado watu wake watakufa kwa kiu.

Khabari hizi ni za mtu aliyefundishwa kazi ya kwanza katika skuli, na ile ya pili akafundishwa na njia, na upweke, na miaka mingi. Jina lake ni Adrian Atiman, na mahali alipofanya kazi ni Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo leo ni Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, ambao makao yake makuu ni mji wa Mpanda.

Atiman hakuwa Mwislamu. Alikuwa Mkristo, tena katekista. Lakini Waislamu tangu zamani hawakuona haya kuichukua ilimu ya utabibu popote walipoiona. Walivifasiri vitabu vya Wayunani, na katika majumba ya Makhalifa wa Baghdad walikuwako matabibu Wakristo walioheshimiwa sana. Tena khabari zake zinawahusu Waislamu wa pwani kwa sababu ya pili, nayo ni chungu, na itaonekana hapa chini.

Kuzaliwa kwake na kutekwa kwake

Atiman alizaliwa kadiri ya mwaka 1866 katika kijiji cha Tundurma, kando ya mto Niger, katika nchi ya Timbuktu, ambayo leo imo katika dola ya Mali. Timbuktu ni mji uliojulikana karne nyingi kwa wanachuoni wake na vitabu vyake, na sifa zake zilifika mpaka Makka na Misri. Lakini mji kuwa na wanachuoni si dalili ya kuwa kila mtu katika nchi ile anafuata haki. Atiman alipokuwa mtoto mdogo, asiyejua lo lote la ulimwengu ila michezo ya wenziwe, alitekwa na wezi wa watu, akapelekwa mbali na wazazi wake, asiwaone tena. Akavushwa jangwa la Sahara pamoja na bidhaa nyingine, kwani yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuwa bidhaa, hata akafika katika miji ya kusini ya Algeria.

Huko, mwaka 1876, Mapadre Weupe walimnunua wakamwacha huru. Hao ni watu wa shirika lililoundwa mwaka 1868 na Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, aliyepata ukardinali mwaka 1882. Wakamlea, wakamsomesha, na akaingia katika dini yao.

Hapa ndipo penye uchungu kwa msomaji Mwislamu. Mtoto huyu alizaliwa karibu na mji wa ilimu wa Waislamu, na waliomteka na kumuuza walikuwa watu wa nchi za Kiislamu. Lau wangemcha Mungu wakamwacha kwao, pengine Timbuktu ingempata tabibu. Dhulma ndiyo iliyomtoa, na wengine ndio waliomwokota. Na watu wa pwani hawana la kujivunia mbele ya wale wa jangwani, kwani misafara yao ilifanya yayo hayo katika nchi za Maziwa, na soko la watumwa la Unguja halikufungwa ila mwaka 1873, na hata baada ya kufungwa biashara ile iliendelea kwa siri na kwa dhahiri katika bara.

Shauri la Lavigerie

Mapadre wa Lavigerie waliondoka Bagamoyo mwaka 1878 kwenda kwenye Maziwa Makuu, na wengi wao walikufa kwa homa. Basi Lavigerie akafikiri, akaona kuwa Mzungu katika bara hufa upesi, na akiishi, bado ni mgeni. Akaona tena kuwa mhubiri aweza kufukuzwa mlangoni, lakini tabibu hafukuzwi. Jumbe mwenye mtoto mgonjwa humfungulia tabibu mlango wake hata usiku wa manane, na anayefunguliwa mlango usiku husikilizwa neno lake mchana.

Kwa hivyo akachagua vijana waliokombolewa utumwani, akawapeleka Malta kuanzia mwaka 1881 wakasome utabibu katika chuo kikuu cha kisiwa kile. Malta ni kisiwa katika Bahari ya Kati, na watu wake husema lugha iliyozaliwa na Kiarabu. Atiman alikuwa miongoni mwa vijana hao, akakaa huko kadiri ya miaka 7.

Shauri la Lavigerie lilikuwa na jambo moja ambalo wengi waliokuja baadaye walilisahau. Hakutaka vijana wale wawe Wazungu weusi. Alitaka wabaki Waafrika katika chakula chao, na mavazi yao, na malazi yao, ili wakifika bara watu wasiwaone kuwa wageni. Alitaka waoe katika nchi watakayokaa, na wajipatie riziki kwa kazi yao. Maana yake ni kuwa Lavigerie alijua ya kwamba tabibu atakuwa kiongozi apende asipende, na kiongozi anayejitenga na watu wake kwa sahani na kwa kitanda hawezi kuwaongoza.

Lakini kulijua jambo si kulifundisha. Vijana wale walifundishwa mwili wa mwanadamu na viungo vyake, na maradhi na dawa zake, na kupasua na kufunga majeraha. Kuhusu uongozi walipewa amri tu za namna ya kuishi. Jinsi ya kuligawa sanduku moja la dawa kwa miezi mingi, na jinsi ya kukaa na jumbe mkaidi, na jinsi ya kuwafundisha wasaidizi, na jinsi ya kuandaa mtu wa kushika mahali pako ukifa, hayo yaliachwa yajifunze yenyewe.

Desturi ya matabibu wa zamani

Na jambo hili la kumfundisha tabibu uongozi si geni kwa Waislamu. Abu Bakr ar-Razi aliyekuwa mkubwa wa hospitali ya Rayy, kisha ya Baghdad, alikuwa na mpango wake katika baraza. Wanafunzi wake walikaa duara nyuma ya duara. Mgonjwa akiingia, wa duara ya nje ndio waliomuuliza kwanza, na wakishindwa akapelekwa kwa wale wa ndani zaidi, hata wote wakishindwa ndipo Razi mwenyewe akasema. Watu walidhani kuwa alikuwa akijipumzisha. Kumbe alikuwa akifundisha mambo mawili kwa wakati mmoja: utabibu, na namna ya kuibeba kazi. Mwanafunzi wa nje alijifunza kuamua, na kujua mpaka wa ilimu yake, na kumpeleka mgonjwa kwa aliye mjuzi kuliko yeye pasipo kuona haya. Na mwalimu alijifunza kunyamaza mpaka zamu yake.

Tena katika mwaka 931 Khalifa al-Muqtadir alipata khabari kuwa mtu amekufa Baghdad kwa kosa la tabibu. Akamwamuru Sinan bin Thabit awatahini matabibu wote wa mji, na waliotahiniwa walizidi 860. Hiyo nayo ni siasa ya usimamizi: kazi yenye roho za watu haiachwi bila mtu wa kuihesabu.

Kijana wa Malta hakuwa na duara ya wenziwe wala Sinan wa kumtahini. Alikuwa na sanduku lake na amri za Kardinali.

Safari ya kwenda bara

Mwaka 1888 Atiman alisafiri kutoka Bahari ya Kati hata Unguja, akaingia bara kwa miguu pamoja na msafara. Wazee wa pwani waliisikia njia hiyo kwa baba zao. Siku ile hapakuwa na reli wala motokaa, na kila kitu kilikwenda juu ya kichwa au bega la mpagazi. Mzigo ukizidi, mpagazi huutupa akakimbia. Posho ikipungua, msafara wote huvunjika. Hongo isipolipwa kwa adabu, njia hufungwa. Mbele huenda kirangozi, naye hachaguliwi kwa nguvu za mikono yake. Huchaguliwa kwa kuwa anaijua njia, na anajua mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote, kwani msafara hauendi upesi kuliko mtu wake aliye nyuma.

Mtu aliyewahi kuvushwa jangwa akiwa mtumwa sasa alivuka nchi nyingine akiwa tabibu. Misafara ni miwili, mmoja wa kuuza watu na mmoja wa kuwatibu, na yote miwili ilihitaji uongozi. Hapa ndipo ajuapo mwenye akili kuwa uongozi pasipo haki ni ufundi tu, na ufundi huweza kutumiwa hata na mwizi.

Karema na kazi yake

Karema ilikuwa kituo kilichojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, kisha mwaka 1885 wakawapa Mapadre Weupe. Nchi ile ilikuwa imechoka. Wateka watu walikuwa wakipita pande zote mbili za Ziwa, na vijiji vilihama, na waliokimbia walikuja kukaa karibu na kituo wapate amani. Ziwa lenyewe lilikuwa likirudi nyuma, hata boma lililojengwa karibu na maji likabaki mbali na maji. Kulikuwa na homa na ndui, na majeraha ya mishale na bunduki, na ya mamba na simba. Na mwanzoni mwa karne ya 20 malale nayo yakaingia katika kingo za Ziwa Tanganyika yakaua watu wengi.

Katika nchi hiyo Atiman alikuwa tabibu peke yake. Dawa za Ulaya zilitoka ng'ambo, zikapita pwani, zikapanda bara kwa miezi, na nyingine zilipotea au kuharibika njiani. Mtu wa namna hiyo hana budi kuchagua. Ama hutumia dawa zote kwa waliofika kwanza, na waliofika nyuma hurudi mikono mitupu. Ama huzifungia kabatini kwa khofu ya kwisha, na wagonjwa hufa ilhali dawa zipo. Ama hutafuta njia ya tatu. Atiman aliitafuta ya tatu. Alijifunza miti na mizizi ya nchi ile, akaichukua dawa ya Kiafrika palipo na faida, akaiweka pamoja na ile aliyoisoma Malta. Kwa kufanya hivyo alipata vitu viwili: dawa isiyosubiri msafara, na heshima ya watu, kwani mtu akiona kuwa ilimu ya babu yake haikudharauliwa, huiamini na ile ilimu mpya.

Mwaka 1889 alimwoa Agnes Wansahira, binti wa ukoo wa majumbe wa Wabende. Kwa ndoa hiyo mgeni wa Niger akawa shemeji wa nchi. Mwana wao Joseph akawa padre mwaka 1923. Lavigerie alikuwa amekwisha kufa mwaka 1892, hakuliona hilo, lakini katika jambo hili shauri lake lilitimia: tabibu wake hakuwa mtu wa boma, alikuwa mtu wa mji.

Tawala zikabadilika juu yake. Alikuja wakati Wajarumani wanaanza kuishika nchi, akawatumikia wagonjwa katika zamani zao, kisha ikaja vita ya 1914 hata 1918, kisha wakaja Waingereza. Wakubwa walikuja wakaondoka, bendera zikashuka zikapanda, na yeye alikuwa pale pale. Kudumu mahali pamoja namna hiyo ni uongozi ambao haufundishwi kwa ubao. Mgonjwa aliyetibiwa utotoni alimleta mwanawe, na mwana akamleta mjukuu, na tabibu akawa anaujua ugonjwa wa nyumba hata kabla ya mgonjwa kusema.

Mwaka 1946 khabari za maisha yake, alizozieleza mwenyewe, zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Alipewa nishani, akaheshimiwa na dini na Serikali. Akafa Karema mwaka 1956, umri wake kadiri ya miaka 90, na kati ya hiyo kadiri ya miaka 67 aliitumia huko huko.

Lililopungua

Mwenye kuandika maisha ya mtu akasifu tu, humdhulumu msomaji wake. Katika shauri hili palikuwa na upungufu, nao si wa Atiman peke yake, ni wa mpango wote.

Chuo cha Malta kilifungwa mwaka 1896. Vijana waliotoka humo walikuwa wachache, na waligawanywa kila mtu na kituo chake, mbali na mwenziwe. Hapakuwa na mpango wa kuwa kila mmoja afundishe wengine, na hao wafundishe wengine. Kwa hivyo Karema iliyokuwa na tabibu zaidi ya miaka 60 haikupata kuwa skuli ya matabibu. Duara ya Razi haikuundwa. Ilimu ilikaa katika kifua kimoja, na kifua kimoja, hata kikiwa kipana namna gani, kina siku yake ya kufungwa.

Na Serikali za kikoloni zilipoanza kuwasomesha Waafrika utabibu, kama ilivyofanywa Makerere, Uganda, tangu miaka ya 1920, zilifanya kosa la namna nyingine. Ziliwafundisha kutibu, lakini zikawapa cheo cha wasaidizi, na usimamizi wa hospitali ukabaki mikononi mwa Wazungu. Mtu aliyezuiliwa kuamuru miaka yote hawezi kujua kuamuru siku moja. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, matabibu wake wenyeji walikuwa 12 tu, kama alivyosimulia Mwalimu Nyerere, na hao wachache walitakiwa mara moja watibu, na waongoze hospitali, na wasimamie wizara. Chuo cha utabibu kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, na tangu hapo idadi imeongezeka sana, lakini mas-ala ya kazi ile ya pili hayakwisha.

Faida ya khabari hizi

Mkoa wa Katavi uliundwa mwaka 2012 kwa kuugawa Mkoa wa Rukwa. Kijana anayetoka chuoni akapelekwa huko, au penginepo mbali na miji mikubwa, huenda asikae sana kabla ya kupewa cheo cha mganga mfawidhi wa kituo. Hapo huletewa daftari la dawa, na watumishi waliomzidi umri, na fedha za kuhesabiwa, na kamati ya wanakijiji, na gari moja la wagonjwa ambalo huitwa pande mbili kwa saa moja. Ilimu yake ya maradhi haitoshi kumwambia gari liende wapi kwanza, wala namna ya kumwonya muuguzi mzee pasipo kumvunjia heshima. Asipofundishwa hayo chuoni, atajifunza kwa makosa, na makosa ya tabibu hulipwa na mgonjwa.

Basi katika maisha ya Atiman mna mambo manne yanayofaa kufundishwa kila kijana anayesomea kazi hii. La kwanza ni kukaa na watu kama mmoja wao, maana anayejitenga hapewi siri ya ugonjwa. La pili ni kuihesabu dawa kama amana, asiitapanye wala asiifiche, na kuitafutia badala kabla haijakwisha. La tatu ni kudumu, kwani imani ya watu ni mti unaokua polepole. La nne ni lile ambalo mpango wa Malta haukuliweka, nalo ni kurithisha: kila tabibu awe na duara yake, hata ikiwa ya watu wawili, ili siku ya kufa kwake mgonjwa asikute mlango umefungwa.

Na kwa Waislamu wa pwani iko faida ya tano. Mtoto aliyeuzwa kama mbuzi alikuwa na tabibu ndani yake, na wauzaji hawakumwona. Hakuna ajuaye ni watoto wangapi waliopita katika njia za misafara wakiwa na ilimu ndani yao isiyopata kutoka. Dhambi hiyo haifutwi kwa kunyamaza. Mwenye mali na amsomeshe mtoto wa maskini, na mwenye kijana anayesomea utabibu na amuusie kuwa mchunga hataulizwa ukubwa wa fimbo yake, ataulizwa khabari za aliowachunga. Na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi.